Barafu ya Chanjo Juu ya Samaki

Uliona, jirani, ukageuza uso. Kapembwa, mutu anayetuletea chanjo hapa Nchelenge, alitoa barafu kwenye sanduku la chanjo, akaimwaga juu ya samaki zake za kuuza sokoni Mwansabombwe.

"Kapembwa, mbona chupa ya chanjo ni ya moto?" akauliza Laurentine, mutoto mugongoni.

"Ee mama, sindano ni sindano tu. Samaki ndiyo zinaoza!"

Uongo! Chanjo ya surua inaonyesha askari wa mwili sura ya ugonjwa, wautambue ukija. Ikipata joto, haifundishi kitu. Sijasahau watoto wa mwaka ule: walichomwa chanjo iliyopata joto, surua ikawakamata vilevile.

Laurentine amekaa mulangoni pa kliniki. "Sitoki mpaka mulete ya baridi." Yuko peke yake.

Simama sasa, nenda, gusa ile barafu kwa mukono wako, uwe shahidi wake.