Kadi ya Jiwe Jeupe

Yosina hakuiweka kadi ndani ya ndege. Aliikumbatia kifuani, akasimama mlangoni mwa ghala la mizigo huku mawingu yakianza kuishukia milima ya Papua. Kazi yake ilikuwa kupima magunia na kuweka kadi za maelekezo mbele ya rubani. Shule aliishia darasa la sita, lakini kila kadi aliisoma mpaka mwisho.

Hii ilikuwa imechapwa upya juzi, ya kiwanja cha kule juu, ambako ndege hupaa ikiteremka mteremko na mbele yake ni korongo. Ilisema: "Nguvu ikipungua kabla ya jiwe jeupe, funga breki baada ya jiwe jeupe, ruka." Ile ya zamani ilikuwa na nukta baada ya breki: kabla ya jiwe lile la alama kando ya njia, simama; ukishalipita, ruka.

Kapteni Rumbino, mwenye miaka ishirini angani, alicheka huku akitafuna tambuu. Alisema njia ile anaijua hata usingizini. "Saa nne mlima unafunga, mwanangu. Mawingu hayasomi nukta."

"Mawingu hayasomi, kapteni. Wisnu anasoma."

Kweli, siku hiyo usukani ulikuwa wa Wisnu, rubani mgeni kutoka Jawa, ambaye jiwe lenyewe hajapata kuliona. Yosina akaweka mfuko wa chumvi, uwe ndio jiwe, juu ya jukwaa la kupakia, hatua mbili tu kabla ya ukingo, akampa Wisnu kadi, akamwomba awe ndege, afuate kadi inavyosema. Wapakiaji waliacha magunia. Mmoja akamuuliza Wisnu kama mabawa ameyasahau kwao. Yosina alingoja kicheko kiishe. Wisnu akaanza kutembea. Alipoukaribia mfuko, Yosina akamwambia nguvu imepungua. Wisnu akaitazama kadi, akaupita mfuko, ndipo akafunga breki. Ncha za viatu vyake zilikuwa zimetokeza nje ya jukwaa.

Kapteni alitema tambuu, akachomoa kalamu mfukoni.

"Haya, tia nukta hapo, twende."

Yosina alikataa. Wino wa kalamu huliwa na jasho la vidole, na mvua ya huko haina adabu. Kadi ichapwe, ipigwe muhuri, na nakala mbovu zote zirudi mikononi mwake. Meneja akapiga simu kutoka ofisini, akafoka kwamba ndege ikilala leo, yeye kesho asije. Yosina alimsikiliza mpaka akamaliza, akajibu kuwa amesikia, kisha akamuuliza muhuri uko wapi.

Saa nne ikapita, mlima ukafunga. Kapteni mwenyewe akapanda ndege ya pili, kisha ya tatu, akazitoa kadi na kumletea Yosina.

"Imebaki moja, anayo Wisnu," alisema. "Anaikariri."

"Mnyang'anye," Yosina alisema, akaingiza karatasi kwenye mashine.