Kruza ya Nesi Kissa

Tangu ahamishiwe zahanati ya Dirma kutoka Tukuyu, nesi Kissa hakuwahi kupanda pikipiki ya kazini bila kutafuta jiwe kwanza. Yeye alikuwa mfupi, pikipiki ilikuwa ndefu, na mahali pasipo na jiwe aliegemea chochote alichokikuta. Siku moja aliegemea ng'ombe wa watu, ng'ombe akaondoka.

Basi alipoingia dukani Katesh kununua ya kwake mwenyewe, muuzaji alimsogezea skuta nyekundu.

"Hii ndiyo ya akina mama, dada."

Kissa hakumsikia. Pale ukutani kulikuwa na pikipiki aina ya kruza, kiti kimelala chini, tangi limenona, usukani umepinda kama pembe za fahali. Akaipanda. Miguu yote miwili ikafika sakafuni, kisigino mpaka vidole. Akakanyaga tena ahakikishe, akaangua kicheko peke yake.

"Hii," alisema. "Usinionyeshe nyingine."

Akaipeleka moja kwa moja kwa Nicodemo, fundi wa kuchomelea. Alitaka usukani uinuliwe juu kabisa, kama kwenye picha aliyokuwa nayo kwenye simu. Nicodemo akaitazama picha, akamtazama Kissa, akachomelea. Kissa alipoushika, mikono ilipita juu ya kichwa.

"Dada Kissa, unaendesha au unaongoza kwaya?"

Walicheka mpaka fundi akakaa chini. Kisha akaushusha usawa wa kifua. Tangi wakalipaka rangi ya zambarau, ekzosi ikasuguliwa mpaka Kissa akajiona ndani yake, pua imekuwa kubwa ajabu. Akajipenda hivyo hivyo.

Kilibaki kiti. Kule Dirma jirani yake alikuwa Mama Gidamis, mama mtu mzima wa familia ya wafugaji, mshonaji wa ngozi na shanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaizunguka kruza taratibu, akakibonyeza kiti kwa kidole. "Huyu umemvalisha nailoni?" aliuliza kwa huruma.

Akakishonea ngozi laini ya mbuzi, pembeni shanga nyekundu na nyeupe, nyuma akaning'iniza nyuzi za ngozi zinazocheza na upepo. Alipomaliza akasema, "Sasa nipeleke Gehandu, kwa wifi yangu."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Nataka anione."

Wakaondoka. Mwanzoni Mama Gidamis alimbana Kissa kiunoni hata kupumua ikawa shida. Walipofika tambarare akalegeza mikono, akaanza kuimba kwa lugha yake, sauti ikishindana na injini. Kissa hakuelewa hata neno, ila alisikia jina lake likirudi na kurudi katikati ya wimbo. Wachungaji waliinua fimbo kuwapungia. Bodaboda mmoja alipiga honi, akageuka akawafuata kidogo kwa raha tu. Kissa alikuwa akitabasamu kiasi kwamba vumbi lote la Hanang liliingia mdomoni, wala hakujali.

Walipofika Gehandu, wifi alitoka nje. Mama Gidamis hakushuka. Aliomba maji, akayanywa akiwa juu ya kiti, polepole, kidole kidogo kimenyooka.

Wifi akazigusa shanga. Akagusa tangi. Akavuta uzi mmoja wa ngozi kuona kama umeshonwa vizuri.

"Shuka," alisema.

"Sishuki."

"Shuka, nimesema!"

Mama Gidamis akashuka akicheka hadi machozi. Wifi akavaa helmeti aliyoivua Mama Gidamis, kwa taabu, maana hereni zake za shaba zilikuwa kubwa, akapanda, akampiga Kissa begani.

"Nesi, nipitishe kwa majirani wote. Polepole, wanione vizuri."

Nyumba ya kwanza walipita polepole. Ya pili pia, watu wakitoka nje kuangalia. Kabla ya kufika ya tatu, wifi akainamia sikio la Kissa na kupiga kelele:

"Basi, wametosha! Kimbiza!"