Kilomita Ishirini kwa Lita

Maneno yenyewe aliyatamka Gaudensi kwa kinywa chake, mezani, watu wakiwa na matonge mkononi. Hakulazimishwa na mtu.

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, joto la kabla ya mvua limeikalia Sumbawanga, na Mzee Wiliam alikuwa amepanda kutoka Kabwe kuja kuliangalia gari lake. Mzee Wiliam alikuwa mfanyabiashara wa samaki huko ziwani, mtu mnene wa maneno machache, na Avelina alikuwa binti yake wa pekee. Alimjengea nyumba mtaa wa Izia pale mjini, naye Avelina alishonea nguo barazani. Gari lilikuwa la haibridi, lile linalotembea kwa petroli na betri kwa kupokezana. Dereva wa kwanza alifanya nalo teksi mwaka mzima huku akikamua tenki kwa mpira na kuuza petroli vichochoroni, mpaka alipokamatwa. Sasa mzee alitaka kumkabidhi Gaudensi, mchumba wa binti yake, lakini moyo ulisita.

"Mafuta nitalipia mwenyewe pale sheli, lita ishirini na tano kila Jumatatu," alisema. "Jumamosi Avelina atanisomea kilomita kwa simu. Nitajuaje kwamba na wewe hunikamui?"

Mtu mwingine angesema nitajitahidi, baba. Gaudensi hakuwa na neno hilo. Aliweka tonge lake chini, akajinyoosha kitini.

"Baba, gari hili nimelijaribu wiki nzima. Lita moja inanipeleka kilomita ishirini na tatu. Siku likishuka chini ya ishirini, msiniulize kitu. Jueni mwizi ni mimi, na binti yako umchukue."

Watu wakacheka, Mzee Wiliam akampa mkono. Avelina peke yake hakucheka. Alimtazama mchumba wake kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa mnadani, kisha akakusanya sahani na kwenda nazo jikoni.

Miezi sita gari halikumwangusha. Likishuka mteremko, injini ilizima yenyewe. Likitembea polepole mitaani, lilitambaa kwa betri, kimya, hata kuku wa Izia wakawa hawajui kama wapishe au wabaki. Kila Jumamosi Avelina alisoma namba kwenye dashibodi, na kila Jumamosi kule Kabwe mzee aliguna kwa kuridhika. Gaudensi alianza kulisifia gari lile pale kijiweni kwa madereva kama mtu anayesema habari za mtoto wake anayeongoza darasani.

Kisha mwezi wa sita ukaingia na upepo wake.

Wanaoishi Ufipa wanaujua. Hutoka kusini mashariki, hupita kwenye mashamba yaliyokwisha kuvunwa bila kukutana na kitu cha kuuzuia, na alfajiri huingia mjini kama mwenye nyumba. Nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda. Watu hutembea wamejikunja ndani ya makoti, hawasalimiani mpaka wakutane uso kwa uso.

Asubuhi ya kwanza ya baridi hiyo Gaudensi aliliwasha gari, akasubiri injini inyamaze kama kawaida yake. Haikunyamaza. Akateremka nalo mpaka sokoni, injini bado inanguruma. Akampakia mama mwenye kichanga kwenda hospitali, na kabla hawajafika kona ya kwanza mama akasema, "Mwanangu, washa hita, mtoto huyu atakufa." Akawasha. Hapo ndipo injini ilipopata sababu ya kutolala kabisa, maana hita haina moto wake. Inaazima joto la injini, na injini ikizimwa joto linakwisha. Betri nayo, kama mzee aliyeamshwa kabla ya wakati, ilikataa kubeba mzigo. Na safari zenyewe zilikuwa fupi: sokoni, hospitali, stendi, Izia. Gari lilikuwa halijapata joto, abiria ameshateremka, milango imefunguliwa, upepo umechukua kila kitu.

Alhamisi taa ya mafuta ikawaka. Lita ishirini na tano zilikuwa zimekwisha, na kilomita zilikuwa mia tatu na tisini tu, badala ya mia tano na zaidi.

"Mpigie mkweo," Nestory, dereva mwenzake wa kijiweni, alimwambia. Alikuwa mtu mzima aliyeendesha gari kuukuu la rangi mbili. "Mwambie baridi imeingia, gari linakula."

"Nimwambie gari limeshikwa na mafua?"

"Mwambie hivyo hivyo. Mafua ni mafua."

"Yule wa kwanza naye alisema tenki linavuja. Atanicheka, Nestory. Nilitoa neno mbele ya watu."

"Neno ulilitoa kwenye jua, mshikaji. Sasa ni kipupwe. Lirekebishe, kiburi hakina hita."

Gaudensi hakupiga simu. Alikwenda sheli ya upande wa pili wa mji, mahali asipojulikana, akanunua dumu la lita kumi kwa pesa aliyoiweka kwa viatu vya harusi. Nyuma ya mashine ya kusaga iliyofungwa, akatumbukiza mpira kwenye dumu na kwenye tenki, akalijaza gari la mkwewe kwa siri kama mtu anayefanya dhambi. Jumamosi kilomita zikasoma mia tano na tatu. Kule Kabwe mzee akaguna.

Wiki iliyofuata akafanya vilevile, na iliyofuata tena. Pale dashibodini palikuwa na kioo kidogo cha maandishi ya Kijapani kilichoonyesha wastani wa kilomita kwa lita. Kila asubuhi alikibonyeza akakifuta, ili Avelina asione kumi na tano ikimkodolea macho.

"Mbona unanuka petroli siku hizi?" Avelina alimuuliza jioni moja, akimpimia koti la harusi.

"Pale sheli wana fujo. Wanamwaga."

"Kila wiki?"

"Nyoosha tepu yako, fundi, mkono wangu umechoka."

Alicheka, Avelina hakucheka. Alimpima bega la pili.

Mwezi wa saba matangazo ya ndoa yao yakaanza kusomwa kanisani. Jumapili ya kwanza, majina mawili. Jumapili ya pili, majina yaleyale, na padri akakumbusha kama kawaida kwamba mwenye kujua kizuizi chochote aseme. Ilibaki moja. Mzee Wiliam akapanda kutoka ziwani siku ya Jumanne kuja kuandaa harusi, na Gaudensi akampokea stendi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Chukua hili boksi, ni samaki, migebuka mikavu ya wageni. Hapana, acha, naweka mwenyewe."

Akafungua buti la gari. Akasimama.

Mle ndani lilikuwamo dumu la njano, nusu limejaa, na juu yake mpira umejiviringisha. Mzee aliinua mpira kwa vidole viwili, akaunusa, akaurudisha. Yule dereva wa kwanza alikamatwa na vitu hivyohivyo viwili.

"Baba, si unavyofikiri. Natia ndani, sitoi."

"Unatia."

"Baridi ikiingia gari linakunywa. Nikaona kilomita zinashuka, nikawa naongeza kwa pesa yangu."

"Miezi miwili unanunulia gari langu mafuta, na kila Jumamosi naambiwa mambo mazuri." Sauti yake haikupanda. "Mwizi wa kawaida angetunga uongo wenye akili kidogo. Ingia, tulipime."

Ilikuwa saa saba mchana. Jua la Ufipa mwezi wa saba ni jua kweli likishatoka; watu walikuwa wamevua makoti. Gaudensi alikibonyeza kile kioo, wakashika barabara ya Kasense kwa mwendo mrefu wa taratibu, kisha wakarudi. Injini ililala kwenye kila mteremko. Gari lilitambaa kimya kama lilivyotambaa mwezi wa kumi na moja, na Gaudensi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alilichukia. Walipofika Izia kioo kilisema ishirini na tatu.

"Namba yako mwenyewe," alisema Mzee Wiliam.

"Twende alfajiri, baba. Saa kumi na moja. Utaona kwa macho yako."

"Mimi mtu wa ziwani, kifua changu hiki. Nikagandishwe barabarani ili nimsikilize mwizi? Kesho saa mbili nataka funguo mezani. Masharti uliyaweka wewe, mbele ya watu. Sikuyaweka mimi."

Avelina alikuwa amesimama mlangoni na tepu yake shingoni.

Saa kumi na moja alfajiri, Gaudensi alipolitoa gari uani pale kwake ili alifute kwa mara ya mwisho, alimwona Avelina akija kwenye ukungu, koti la baba yake limemfika magotini, kitenge kimemzunguka kichwa. Alifungua mlango, akakaa.

"Washa."

Waliondoka. Mpaka sokoni. Mpaka hospitali, wakampakia mzee mmoja anayekohoa, wakawasha hita, wakampeleka stendi. Injini haikunyamaza hata mara moja. Avelina hakutazama barabara, alikitazama kioo. Kilianza na saba. Kikapanda polepole mpaka kumi na moja, na pale kikakwama.

"Umeona?" Gaudensi alipiga usukani. "Umeona? Twende tukamwamshe!"

"Nimeona. Nitamwambia hukuiba. Nitamwambia nimeona kwa macho yangu, na ataniamini."

"Basi yamekwisha, Ave!"

"Simamisha gari, Gau."

Akasimamisha kando ya barabara. Injini iliendelea kunguruma chini ya miguu yao.

"Siku ile mezani uliniweka mimi rehani. Hukuweka mshahara wako, wala shamba la mahindi la mama yako. Mimi, na hukunigeukia hata kunitazama. Nikasema moyoni, ni joto la maneno, litapita. Halafu nikakuuliza kuhusu petroli, ukanitania. Kila Jumamosi ukanisomesha namba ya uongo, nikaipeleka kwa baba yangu kwa mdomo wangu. Kila Jumamosi, Gau! Ungeniambia siku ya kwanza, ningempigia mimi. Angecheka, akaongeza lita tano. Ilikuwa ni simu moja tu."

"Niliona aibu."

"Najua. Na kesho utaona aibu ya kitu kingine, halafu utaninunulia dumu."

Hakulia. Alifungua mlango, baridi ikaingia yote kwa pamoja, akatembea kurudi nyumbani kwa miguu. Gaudensi alitaka kushuka amfuate, na alijua maneno ya kumwambia. Yalikuwa mawili tu: nimekosa, nisamehe. Alikaa ameshika usukani mpaka kitenge kikapotea kwenye ukungu.

Avelina alitimiza alilosema. Ijumaa Mzee Wiliam alimwita Gaudensi, akamrudishia funguo, akizisukuma mezani bila kumtazama usoni. "Binti yangu ameniambia. Kwenye mafuta nilikukosea. Endesha gari, msimu wa baridi nitaongeza lita. Hayo mengine ni yake, mimi simsemei." Gaudensi alizitazama funguo muda mrefu. Alikuwa mtu wa kuziacha pale, atoke kichwa juu. Alizichukua.

Jumapili alikwenda misa ya kwanza, akakaa karibu na Nestory. Pumzi za watu zilionekana mpaka mabenchi ya mbele. Baada ya komunyo padri alifungua daftari la matangazo, akasoma majina ya wachumba wa tangazo la kwanza, kisha la pili. Katika la tatu alisoma majina ya watu wa Kasense, akafunga daftari.

Nestory alimgusa kiwiko. "Amewaruka. Mfuate sakristia, amesahau."

"Hajasahau," Gaudensi alisema.

Nje alikaa ndani ya gari, akaliwasha. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akagonga kioo, akauliza kama anakwenda hospitali. Akamfungulia mlango, na kabla hajaombwa akawasha hita.