Picha Tatu za Mtaro wa Kavindu

Kavindu hakunisalimu. Aliweka simu yake mezani, kioo kikitazama chini, akaketi.

"Nitoe kwa hiyo grupu," alisema.

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, kwenye banda la kanisa hapa Kola. Tangu nimalize chuo nimekuwa nikiwafundisha wanawake wa mwethya wetu kutumia simu. Mwethya ni kikundi cha kulimiana. Wiki hii majembe yote yako kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Zamani walipanga zamu wakiwa wameketi nyasini. Mimi ndiye niliyewashawishi wapange kwenye WhatsApp, ili hata wale wanaofanya kazi mjini Mlolongo wasiachwe nyuma.

"Mwaitu, nikikutoa sasa utakosa zamu," nilimwambia, nikimwita kama nimwitavyo mama yangu. "Mwenyekiti Mbula ameandika zamu ya mwisho kabla ya mvua itaamuliwa leo saa sita."

"Nimesoma. Si ulinifundisha kusoma?"

Mtaro wake wa juu ulibomoka mwezi wa nne. Mvua kubwa moja tu, na udongo wa shamba zima ungeteremka korongoni pamoja na mbegu. Mikono miwili isingeweza kuujenga upya.

"Basi andika tu: naomba mje kwangu."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue kitambaa cha kichwa kanisani. Katika mwethya wetu mwenye shamba hajiitii majembe. Jirani ndiye humsemea. Anayejisemea huonekana mroho, na watu huja kwake wamenuna. Jirani wa Kavindu ni Kamanthe, ng'ambo ya korongo, na amemsemea miaka kumi na tisa.

"Kamanthe amenyamaza siku nne," alisema. "Na salamu nilizomtumia amezisoma. Ile alama iko bluu." Akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu. "Tena anapiga picha shamba langu. Asubuhi tatu sasa. Anasimama kwa ua wake, anainua simu. Nikimwangalia anaishusha, ananipungia mkono. Mtu akipiga picha mtaro wa mwenzake umeanguka, anamtumia nani?"

Nilitaka kumtetea Kamanthe, lakini nikakumbuka mambo mawili. Yeye pia hakuwa amepata zamu mwaka huu. Na Jumanne alibaki nyuma baada ya somo akaniuliza, polepole, jinsi ya kufanya picha ionekane na watu wengi. Nilimwonyesha bila kumuuliza ni picha gani.

"Twende kwake," nilisema.

Kavindu alitangulia. Tulipokaribia boma aliniambia, "Usimchekee."

Kamanthe alikuwa akiambua mbaazi. "Karibuni. Mbona mmekuja na sura za polisi?"

"Nionyeshe picha," Kavindu alisema.

"Kwani hujaziona?" Kamanthe aliweka ungo chini. "Mimi ndio nimekasirika. Nimekusemea siku tatu, hata asante sijasikia. Na wale wengine kimya. Nikasema, hawa wamepanga kitu juu ya Kavindu, na yeye mwenyewe anajua, ananificha."

Alinipa simu. Kwenye grupu hakukuwa na neno lake hata moja. Nikafungua status yake. Hapo palikuwa na mtaro uliobomoka, na chini yake ameandika: *Majembe yaende kwa Kavindu. Mimi jirani yake nimesema.* Ilikuwa imetazamwa na watu wawili, binti yake na muuza vifaranga wa Machakos mjini. Zile za siku za nyuma zilikuwa zimeshatoweka zenyewe, kila moja baada ya siku moja.

"Mwaitu, kwa nini uliweka hapa?"

"Wewe ulisema status ni kama kusimama juu ya kilima, kila mtu akuone."

Kweli nilisema hivyo. Sikusema kwamba asiyekuwa na namba yako haoni, wala kwamba wengi hawafungui huko kabisa. Mimi namba yake ninayo, na sikufungua.

Wote wawili walinitazama.

"Na huyu ako na digrii," Kavindu alisema.

Ilikuwa saa tano na robo. Niliomba msamaha, nikataka kuituma ile picha kwenye grupu. Kavindu alinishika mkono.

"Hiyo haina mtu. Watasema ni ya mwaka jana." Akachukua jembe la Kamanthe ukutani, akashuka korongoni, akapanda upande wa pili. Tulimwona akisimama katikati ya mtaro wake, amenyooka.

Kamanthe alipiga picha. Nilimwonyesha jina la grupu, akaligusa mwenyewe, picha ikaenda, kisha akarekodi sauti yake, "Ni Kamanthe. Namsemea jirani yangu."

Kabla Kavindu hajarudi, jibu la Mbula likaingia: *Jumatatu kwa Kavindu. Mbona mmekawia? Tulidhani mmekosana.*

Kavindu alifika akihema. Alilisoma jibu kwenye simu ya Kamanthe, kisha akatoa yake, akalisoma tena huko, neno kwa neno, kidole kikifuata.

"Mwelu," alisema, "hebu angalia kama wewe pia umelipata."

Nilitoa simu yangu nikamwonyesha.

Hapo ndipo alipovuta kigoda, akaanza kuambua mbaazi pamoja na Kamanthe.