Matanga ya Mama wa Onodera

Mdomo wangu ndio uliomfukuzisha kazi Onodera, na sitatafuta maneno ya kulipamba jambo hilo.

Mimi ni Mwanvua, mtu wa Buyenzi, Bujumbura. Miaka mingi nafua jezi za timu moja ndogo hapa Brussels. Onodera alinikuta hapo, kijana wa Kijapani wa miaka ishirini na miwili, kiungo mfupi asiyejua kuchoka. Wenzake walinitupia jezi zao chini na tope lake. Yeye alikunja yake, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kiswahili alikiokota kwa Ngoy, mtu wa Lubumbashi, siku hizo kinda, sasa nahodha wetu. Alicheza miaka kumi na mmoja mpaka goti likamkatalia, ndipo uongozi ukampa timu aifundishe. Hata alipokuwa kocha, baada ya mechi alishika ufagio akafagia chumba cha wachezaji mwenyewe, kisha akanikunjia koti lake la mazoezi kama zamani.

Jumatano moja asubuhi, wiki ya mechi ya Jumamosi, ya kuamua kama tunashuka daraja, alisimama kwenye mlango wa chumba cha kufulia, simu mkononi.

"Maman, mama yangu alikufa jana," akasema. "Usiambie muntu. Mpaka samedi, nyuma ya match."

"Na kuzika, mwanangu?"

"Batamuzika bila miye. Nikienda, équipe inashuka."

Alitaka vijana waichezee timu, wasimchezee yeye kwa huruma. Nilimwelewa vizuri sana, nikaapa kunyamaza. Lakini kwetu mfiwa haachwi peke yake hata saa moja. Watu hujaa, mikeka hutandikwa, chai huchemka. Alhamisi nilimwona akipanga koni uwanjani kwenye mvua, peke yake, na mama yake amelala kwenye jeneza huko mbali. Roho iliniuma nikashindwa. Ijumaa nikamwambia Ngoy. Ngoy tu, wallahi.

Jumamosi timu nzima ilitoka chumbani imefunga vitambaa vyeusi mkononi. Mmoja baada ya mwingine wakamkumbatia. Onodera alikauka kama ubao, akanitazama mara moja juu ya mabega yao, basi. Tulifungwa mbili bila, tukashuka daraja. Ngoy alipiga penalti huku machozi yanamtoka, mpira ukapaa juu ya goli. Jumapili uongozi ukamwandikia Onodera barua ya mistari minne, naye akasafiri kwao bila kuniaga.

Nilihesabu siku. Ya arobaini iliangukia Jumamosi, na nilikuwa nimesikia kwamba amesharudi nyumbani kwake karibu na Flagey. Mama yule hakuwa Mwislamu, najua, kwa hiyo sikumsumbua shehe. Nilipika wali na nyama, nikaita watu kwangu, nyuma ya Porte de Namur, nikamtumia Onodera ujumbe. Ngoy alikuja, na wachezaji tisa, na majirani. Onodera hakutokea. Watu walikula, wakaondoka mapema. Niliosha masufuria nikilia, kwa sababu nilimpenda yule kijana kama wangu wa kumzaa, na nilijua nimempoteza.

Siku tisa baadaye, Jumatatu mchana, kengele ya mlango ikalia. Nilifungua nikiwa na kanga kuukuu na mikono yenye sabuni. Onodera alisimama pale na suti nyeusi, amekumbatia picha ya mwanamke mzee na kipakiti cha udi.

"Maman, samahani," akasema. "Message nilisoma. Nilikuwa na hasira, mingi. Lakini kwetu haiko quarante. Iko quarante-neuf, arobaini na tisa. Leo ndiyo siku roho ya mama inaenda."

Nikamkaribisha. Aliweka picha juu ya meza, kando ya televisheni, akawasha udi. Nilifungua mdomo kuomba msamaha, ukagoma, mdomo huohuo uliokosa breki siku ile. Jikoni nilikuwa na kitunguu kimoja na viazi viwili, na nyumba ilikuwa tupu, mimi na yeye tu.

Onodera alivua koti lake. Akalikunja taratibu, akanikabidhi kwa mikono miwili. Kisha akakaa chini sakafuni, mbele ya mama yake, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Sasa, Maman," akasema bila kugeuka. "Ita bantu."