Gauni Lililochovywa kwenye Chai

Watu wengi hudhani kuuza televisheni ni kazi ya mdomo. Si kweli. Mdomo humchosha mteja, na mteja aliyechoka hurudi nyumbani kwa ile ile yake ya zamani. Televisheni huuzwa na picha anayokutana nayo mteja pale anapoingia mlangoni. Katika duka hili, mwenye kuichagua picha hiyo alikuwa mtu mmoja tu, na wenzake wote, kuanzia meneja hadi mlinzi, walimwita Jicho.

Jicho alikuwa na masharti yake. Alishikilia kwamba filamu nzuri si lazima iwe nzuri ya kuonyeshea. Kuna filamu za kumtoa mtu machozi ambazo zimepigwa gizani mwanzo mwisho. Ukiziweka kwenye televisheni ya 4K mteja atakuuliza kama kioo kimefutwa vumbi. Yeye alitafuta nywele zilizolowa, sweta la kufuma, mvua inayodunda juu ya bati, na zaidi ya yote uso wa mtu mzima uliopigwa kwa karibu, mikunjo yake yote ikiwa mahali pake. "Hapa kuna nukta milioni nane," aliwaambia wateja, "na kila nukta ina kazi yake. Ukiikuta hata moja imekaa bure, nirudishie." Hakuna aliyewahi kurudisha, maana hakuna aliyewahi kuzihesabu.

Neno hilo, nukta, lilikuwa na historia nyumbani kwao. Mama yake, enzi za usichana wake, aliwahi kuigiza. Mwenyewe alisema kuigiza, nasi tusimnyime, ingawa kazi yenyewe ilikuwa kusimama. Watengeneza filamu walikuja kupiga picha stesheni ya treni, wakahitaji umati wa kuwaaga wasafiri, naye akasimama katika umati huo kutwa nzima, akiipungia mkono treni iliyoondoka mara kumi na nne na kurudi kinyumenyume mara kumi na nne. Kwenye filamu, kazi yote hiyo ni sekunde kumi na moja.

Familia ilikuwa na kanda ya video ya filamu hiyo, imechezwa hadi imechoka. Kila ilipofika stesheni, marehemu baba aliinuka kitini, akaweka kidole juu ya kioo, kushoto kwa nguzo, penye kitone cheupe kisichozidi punje ya mchele. "Shikamoo, mama watoto," alisema. "Leo umependeza kweli." Watoto wakavunjika mbavu. Ndipo mama akaanza kuitwa Nukta, na jina akalipokea, kwa sababu aliyempa alimpa kwa mapenzi.

Sasa baba alikuwa na miaka mitatu kaburini, na mama alikuwa ameanza kusahau. Daktari aliomba waandike mambo machache ya kumwonyesha. Kazi hiyo ikamwangukia dada yake Jicho, kifungua mimba, mwalimu wa hesabu, mtu ambaye hata orodha ya sokoni huipigia mstari kwa rula. Daktari aliomba mambo machache, dada akaandika daftari zima. Sabuni imekutwa kwenye friji. Amemwita mjukuu kwa jina la shangazi. Ameuliza baba anarudi saa ngapi. Na ya mwisho, ukurasa wa tisa, namba thelathini na mbili: *Anadai watu wa filamu walilichovya gauni lake jeupe kwenye chai.*

"Hiyo ndiyo iliyonimaliza," dada alimwambia Jicho kwenye simu. "Gauni na chai, wapi na wapi? Baba alikuwa akitutania tu na kile kitone, mdogo wangu. Sidhani hata kama mama alikanyaga stesheni siku ile."

Bahati mbaya mama alilikuta daftari juu ya meza, akalisoma lote. Macho yake hayakuwa na tatizo. Hakugomba, hakulia. Aliacha tu kusimulia. Yule mama aliyekuwa akitia chumvi kila habari mpaka inawasha sasa akiulizwa jambo hujibu "sijui, muulizeni dada yenu." Jicho alipomtembelea akamchokoza makusudi: "Hebu nisimulie ile ya stesheni, mama." Mama akaangalia viganja vyake.

"Kwani nilikuwepo? Imeandikwa eti nadai tu. Labda niliiona tu kwenye video nikaidandia."

Jicho aliaga mapema. Kusahau ni jambo moja, na kwa hilo alikwisha jiandaa. Lakini kumwona mama yake akiyaogopa hata yale anayoyakumbuka, hilo lilimshinda.

Jumatano ya wiki hiyo liliingia dukani boksi la diski. Jumamosi kingefunguliwa chumba kipya cha maonyesho, na meneja, mama mmoja mnene mwenye haraka ya maisha, alitaka filamu tano za kuwatoa watu macho. Jicho alikwisha chagua nne: ya chini ya bahari, ya mbio za magari, katuni yenye dubu ambaye manyoya yake yanahesabika, na moja ya mpishi anayekatakata mboga. Akafika chini ya boksi, akakuta ile ya stesheni. Ilikuwa imesafishwa upya kutoka kwenye mkanda wake wa asili, picha moja moja.

"Sinema ya kizee itamuuzia nani?" meneja akauliza.

"Nipe siku mbili tu, bosi."

"Mbili. Ya tatu nakuuza wewe."

Alhamisi asubuhi, kabla ya kufungua, aliiweka kwenye televisheni kubwa kuliko zote, akaipeleka hadi stesheni, akaisimamisha. Akasogea kushoto kwa nguzo, roho juu. Kitone kilikuwa pale pale, sasa kikubwa kama sahani. Lilikuwa beseni. Beseni jeupe la bati, lenye ukingo wa buluu, limebebwa kichwani na mwanamume mwenye masharubu.

Jicho akakaa sakafuni. Miaka yote ile baba alikuwa akiliamkia beseni.

Aliuchunguza umati wote, sura kwa sura. Gauni jeupe halikuwepo. Na picha ya namna hii ndiyo ubaya wake: haimfichii mtu aibu. Kwenye kanda mbovu mama angeweza kuwa popote. Hapa, kama hayupo, basi hayupo. Aliwaza kuirudisha diski kwenye boksi na kunyamaza. Akachukua chupa ya chai, akajimiminia, akakaa anaiangalia skrini kwa hasira. Tone likamdondokea kwenye mkono wa shati lake la kazi, jeupe, akasonya, kisha msonyo ukamfia mdomoni.

Yeye mwenyewe, kila wiki, alikuwa akiwafundisha wauzaji wapya jambo hili: usichague picha ya mtu aliyevaa nyeupe juani. Nyeupe tupu huiunguza picha. Inang'aa mpaka sura ya mtu inapotea. Kama yeye, muuza televisheni, analijua hilo, wapiga picha wa zamani walilijua zaidi. Sasa msichana amekuja na gauni moja tu, nalo ni jeupe, na treni inasubiri. Unafanyaje? Unachemsha ndoo ya chai, unalichovya.

Alirudi kwenye picha, safari hii akitafuta rangi ya chai. Akawapata wasichana watatu. Wote wembamba, wote wanacheka, wote wamegeuka upande. Hapo akakwama, maana picha ya mama katika umri ule nyumbani haikuwepo hata moja. Akampigia dada simu.

"Kesho asubuhi mlete mama dukani. Na daftari lako uje nalo."

Ijumaa walifika, mama amevaa viatu vya kutokea, dada amekunja uso. Jicho akawaketisha kwenye kochi la wateja, akamwamkia mama, akaitikiwa marahaba kwa sauti ndogo. Hakueleza chochote kuhusu chai. Alijua akimtilia maneno mdomoni, dada hatayakubali, na mama mwenyewe hatayaamini. Akaiwasha filamu.

Treni ikatoa moshi, na moshi wenyewe ulionekana uzi kwa uzi. Watu wakapunga. Jicho akaisimamisha.

Mama aliangalia muda mrefu. Kisha akamnyooshea kidole mmoja wa wale watatu, wa katikati, aliyeinua mkono wa kulia juu kabisa.

"Mzuri yule," akasema. "Mtoto wa nani?"

Dada aliinamisha kichwa. Jicho akasikia kurasa za daftari zikifunguka, na kifuniko cha kalamu kikitoka. Akanyoosha mkono kuizima filamu.

Lakini mama alikuwa amekwisha inuka. Alitembea taratibu mpaka kwenye kioo, akaweka kidole, kama baba alivyokuwa akifanya, chini ya ule mkono ulioinuliwa. Pale kwapani gauni lilikuwa na baka jeupe, ukubwa wa kiganja.

"Hapa chai haikukolea," akasema. "Yule mama wa nguo alikuwa na haraka, alilitumbukiza kwenye ndoo likiwa limekunjwa. Nikamwambia, dada, kwapani pamebaki peupe. Akaniambia basi mkono huu usiuinue, punga na wa kushoto. Nikapunga wa kushoto, wa kushoto, treni kumi na tatu. Ya kumi na nne nikasahau." Akageuka. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini mdomo ulikuwa unacheka. "Lile gauni langu. Alinishonea mama yangu. Basi yule ni mimi."

Meneja, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na funguo zake bila kuonekana, alijipangusa pua.

"Ni wewe, mama," Jicho akasema.

"Nilikuwepo."

"Ulikuwepo."

Dada alikuwa analia waziwazi, kalamu mkononi. Akafungua ukurasa wa tisa, akaikata namba thelathini na mbili kwa mkono mtupu, bila rula, mstari ukaenda upande. Halafu akasimama, akamkumbatia mama kwa nyuma, akasema nisamehe, mama, nisamehe, mpaka mama akamwambia aache, anamlowesha.

"Na pale kwa nguzo?" mama akauliza. "Nukta yangu iko wapi?"

Jicho akapiga moyo konde, akaonyesha. Mama akasogeza uso. Akaliona beseni, akayaona masharubu. Kwanza mabega yakatikisika, kisha kicheko kikatoka, kile kicheko chake cha zamani cha kumfanya ashike mbavu, na wote wakacheka naye, meneja pia, ingawa hakujua cheko lenyewe la nini.

"Iweke ya kwanza," meneja akasema alipopata pumzi. "Jumamosi. Hiyo hiyo."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Alikuwa amechangamka, uso umemrudia.

"Mwambieni baba yenu," akasema. "Akirudi jioni mwambieni, miaka yote anaamkia beseni la mwanamume mwenye masharubu. Mwambieni aje anione mimi."

Jicho hakumwangalia mama. Alimwangalia dada. Daftari lilikuwa bado wazi juu ya mkono wake, na mstari uliofuata ulikuwa mtupu.

Dada akairudisha kalamu kwenye kifuniko chake.

"Tutamwambia, mama," akasema. "Rudi kitini basi, tuiangalie tena."