Yametakata

Kamusi hakuwa na dirisha ofisini. Hakuwa na feni, wala kiti chenye mgongo mzima, wala cheo cha kumwingiza kwenye vikao. Akiitwa kikaoni, husimama. Kilichompungukia kuliko vyote ni ubavu wa kusema hapana. Maneno mengine yote alikuwa nayo tele, ndiyo maana wizara nzima ilimpa jina hilo na kumwachia kazi ya kuandika barua zake.

Mwamba wa matumbawe wa nchi ulikuwa umetiwa katika orodha ya kimataifa ya urithi ulio hatarini, na serikali ilitakiwa ieleze hali yake. Ikikiri kwamba matumbawe yanakufa, wangekuja wakaguzi, na meli ya kuchimba lango la bandari ingezuiwa. Ikikana, meli ingeanza Jumatatu, juu ya mwamba huohuo.

Taarifa ilitoka kwa dada yake wa tumbo moja, mzamiaji wa hifadhi ya bahari, ambaye sikio lake moja liliharibikia huko chini. Alikuja nayo mwenyewe ofisini.

"Mdogo wangu, usinipambie. Yamepauka. Andika hivyohivyo."

"Dada, neno lako haliguswi. Likiguswa, niite paka."

"Paka ninaye tayari, na anakula kama wewe. Wewe andika tu."

Akaandika: matumbawe yamepauka. Mkurugenzi alisoma kwa sauti, kalamu nyekundu mkononi, katibu muhtasi kando yake.

"Kamusi, hili neno lina sura ya msiba."

"Ndivyo yalivyo, mzee. Yakielekea kufa, rangi huyatoka."

"Yanabaki rangi gani?"

"Meupe, mzee."

"Meupe! Shati lako likiwa jeupe, limepauka au limetakata?"

"Limetakata, mzee, lakini tumbawe si..."

"Basi andika yametakata. Kuna uongo hapo?"

Katibu muhtasi aliangua kicheko. "Leo Kamusi amefundishwa neno!"

Kamusi aliitafuta ile hapana. Hakuipata.

"Sawa, mzee."

Alirudi chumbani kwake, akaipiga chapa upya. Neno moja tu lilibadilika, na barua nzima ikanawiri: matumbawe yetu yametakata. Mkurugenzi alitia saini bila kukaa. Ndipo simu ikalia.

"Wamepitisha?" dada aliuliza.

"Wamepitisha. Ila... wameweka yametakata."

"Sema tena, nimeshika simu kwenye sikio bovu."

Alijua kwamba dada amemsikia. Akarudia hata hivyo, na mara hii sauti yake ilikuwa ndogo zaidi.

Dada hakupiga kelele; afadhali angempigia. "Hata maiti akioshwa hutakata," alisema. "Jumatatu sitazama. Sitaki kuiona ile meli ikifanya kazi. Na wewe usinipigie, baba, mpaka nikupigie mimi."

Tangu utotoni, dada alimwita baba pale tu alipokuwa amekata tamaa naye.

Simu ilikatika. Kamusi alikaa akiitazama ile barua, akalisoma tena lile neno. Halikuwa na kosa hata la herufi. Tarishi alikuwa mlangoni, mfuko begani.

"Mzee anauliza kama iko tayari."

Akaikunja, akaiingiza kwenye bahasha. Akawasha kiberiti, akadondosha lakiri nyekundu, akaikandamiza kwa muhuri wa wizara hadi ikapoa.

"Chukua," alisema, na tarishi akaondoka nayo.